Matumbawe Kando ya Kivu

Anayetaka kufuga matumbawe nyumbani Gisenyi atashawishika kuteka ndoo mbili za Kivu na kuzitia chumvi. Ziwa liko mlangoni, maji yake yanang'aa, na lina mawimbi na mchanga kama pwani. Namsihi asifanye hivyo.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Ya juu ya Kivu ina gramu 1 tu. Lakini tatizo kubwa si uchache huo. Maji ya Kivu yamejaa bikaboneti inayotoka kwenye miamba ya volkano na chemchemi za chini ya ziwa, karibu mara tano ya ile ya bahari, huku kalisi ikiwa haba. Chumvi ya matangi huleta kalisi ya bahari, miligramu 400 hivi kwa lita. Vikikutana kwa wingi huo, maji huwa meupe kama ya kuoshea mchele, na chokaa hutuama chini na kuganda kwenye hita. Kalisi na kaboneti ndivyo tumbawe hujengea mifupa yake. Hapo vimekwisha kugeuka jiwe kabla mnyama hajavigusa.

Mvua nayo? Huku inaweza kupita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo, kisha ikateremka juu ya mabati yenye zinki, na zinki ikizidi huua matumbawe. Yafaa maji ya bomba yaliyopitishwa kwenye chujio la osmosisi. Tangi la lita 60 litataka kilo 2 na kidogo za chumvi ya baharini iliyotengenezwa kwa matangi. Ya jikoni haina magnesi wala kalisi ya kutosha.

Tumbawe ni mnyama, ingawa limetulia kama ua. Ndani ya ngozi yake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao mchana hutengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Joto likizidi, mnyama huwatoa na kubaki mweupe. Ndivyo miamba mingi ya Bahari ya Hindi ilivyopauka mwaka 1998. Kwa Gisenyi hofu ni kinyume: usiku ni wa baridi, na matumbawe hutaka nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Umeme ukikatika, hita na pampu husimama pamoja, na tangi dogo hupoa upesi. Tena tuko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa asilimia 15 hivi. Uso wa maji lazima uchezeshwe usiku kucha, mwani wanapokuwa hawatengenezi oksijeni.

Anza na matumbawe laini, yaliyokuzwa kutokana na vipande vya matangini, si yaliyong'olewa mwambani. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo dai karatasi zake.

Halafu bandika utepe kwenye kioo pale maji yanapofika. Lita 1 ikikauka kati ya 60, chumvi hupanda kutoka 35 hadi 35.6, kwa sababu maji huenda na chumvi hubaki. Kila asubuhi ongeza maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, hadi kwenye utepe. Usiku zima taa, subiri kidogo, kisha chungulia kwa tochi hafifu: polipi, vijinyama vinavyounda tumbawe, huwa zimenyoosha mikono, zikinasa chochote kinachopita.