Kuzuia kodi hakutakuletea maji moto

Swali limerudi, safari hii kutoka Londiani, katika baridi ya Julai: hita ya bafuni imeungua, kioo cha dirisha kimevunjika, na mwenye nyumba hashiki simu. "Wakili, nikizuia kodi mpaka arekebishe, si sheria itanilinda?"

Haitakulinda. Nimechoka kuona wapangaji wenye haki wakipoteza nyumba kwa ushauri huu wa kibarazani.

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 kinamtaka mwenye nyumba ahakikishe chumba kinafaa kukaliwa siku unayoingia na muda wote wa upangaji. Hapo una haki kamili. Lakini kifungu hicho hicho kinakuahidi kukaa kwa utulivu mradi unalipa kodi, na kifungu cha 66 kinakubana ulipe kwa wakati. Ukikunja mkono, wajibu wa mwenye nyumba haufi. Haki yako ndiyo inayodhoofika. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inamruhusu amtume dalali akachukue televisheni yako. Kesi ya hita imegeuka kesi ya deni, na mdaiwa ni wewe. Wala usiniambie amana itafidia. Amana ni dhamana ya madeni na uharibifu, si kodi ya miezi unayojichagulia.

Wenye nyumba nao wasishangilie. Nyumba zetu hazina mitambo ya kupasha vyumba joto. Joto la Londiani ni paa lisilovuja, dari na dirisha zima. Katika jengo la wapangaji wengi, paa, kuta za nje na mifumo ya pamoja ni mzigo wa mwenye jengo. Sheria haitaji maji moto kwa jina, kwa hiyo hita iandikwe kwenye mkataba. Uliyoivunja mwenyewe, itengeneze mwenyewe.

Basi fanya hivi. Lipa kodi, tunza risiti. Mwandikie mwenye nyumba, hata kwa ujumbe wa simu, ukitaja tatizo, tarehe na muda wa kurekebisha, ambatisha picha. Akikubali utengeneze na kukata gharama kwenye kodi, akubali kwa maandishi kabla hujamwita fundi, na fundi wa umeme awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Akikaidi na nyumba inahatarisha afya, mwite afisa wa afya ya umma wa kaunti: Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa nguvu ya kumwandikia mwenye nyumba notisi. Kama kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, peleka shauri kwenye baraza la kudhibiti kodi, ikizidi, mahakamani.

Wakati unasubiri, usilale na jiko la makaa chumbani. Sufuria ya maji kando yake hainyonyi hewa ya sumu, na sumu hiyo haina harufu ya kukuamsha. Chemsha maji jikoni, madirisha yakiwa wazi, kisha zima moto kabla ya kulala.