Kidonge Kinachochelewesha Yai: Utangulizi

Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo wengi wetu kuanzia Mombasa hadi Mwanza tunaviita P2, hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa, na mara nyingi huuzwa kimya kimya. Mteja hutaja jina kwa sauti ya chini, muuzaji hutia kipakiti kwenye bahasha, fedha hupokewa, anaitwa mwingine. Ndani ya kipakiti kile cha kawaida mna vidonge viwili vidogo, kila kimoja kikiwa na miligramu 0.75 za homoni iitwayo levonogestreli, pamoja na karatasi iliyokunjwakunjwa yenye maandishi madogo. Karatasi hiyo wachache huisoma. Nawaandikia wale wanaotaka kujua imesema nini, na kwa nini imesema hivyo.

Nina jambo moja la kusisitiza, na mengine yote yanatokana nalo: kidonge hiki hufanya kazi kwa kuchelewesha yai. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini saa zina maana, kwa nini mara nyingine kidonge hushindwa, na hatari yake kubwa iko wapi. Watu wengi huitafuta hatari hiyo mahali ambapo haipo.

Tuanze na mwili wenyewe. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake kwa kawaida hutoka karibu na siku ya 14. Likishatoka, uhai wake ni kama saa 24 tu. Mbegu za kiume ndizo zenye subira, kwani huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Ndiyo maana mimba nyingi hutokana na tendo lililofanyika kabla yai halijatoka: mbegu zimetangulia, zinalisubiri. Siku moja na nusu hivi kabla ya yai kutoka, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo humwaga kwa wingi homoni ya LH, na homoni hiyo ndiyo inayoliamuru yai litoke. Levonogestreli ikiiwahi amri hiyo, huizuia au huiahirisha, na yai hubaki kwenye kifuko chake hadi mbegu zinakufa. Ikikuta LH imeshapanda, imechelewa.

Chukulia mwanamke aliyekutana na mwenzake Jumamosi usiku, siku ya 11 ya mzunguko wake, na kondomu ikapasuka. Akinywa dawa Jumapili asubuhi, LH bado haijapanda, na uwezekano wa kuepuka mimba ni mkubwa. Akiona haya kwenda dukani, akasubiri hadi Jumanne, huenda amri imeshatoka tangu Jumatatu. Ni mwanamke yule yule na dawa ile ile. Kilichobadilika ni siku mbili.

Hapa pia ndipo panapojibiwa swali ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka: je, P2 hutoa mimba? Haitoi. Mimba ikishatunga, levonogestreli haiwezi kuiondoa, wala hakuna ushahidi kwamba humdhuru mtoto iwapo mama aliinywa bila kujua kuwa ni mjamzito. Anayeinywa kwa nia ya kutoa mimba ya mwezi mmoja amepoteza fedha na, vibaya zaidi, amepoteza muda wa kumwona mhudumu wa afya.

Historia ya dawa hizi ilianza na msiba. Katika miaka ya 1960, Ary Haspels, daktari wa Uholanzi, alimpa msichana aliyebakwa dozi kubwa ya homoni ya estrojeni ili asishike mimba. Mwaka 1974 Albert Yuzpe wa Kanada na wenzake wakachapisha njia ya kuchanganya homoni za estrojeni na projestini, iliyotumika kwa zaidi ya miaka 20 ingawa iliwatesa wanawake kwa kichefuchefu. Kisha Shirika la Afya Duniani likafanya utafiti kwa takriban wanawake 2,000 katika nchi mbalimbali, na matokeo yakatoka mwaka 1998. Waliopewa njia ya Yuzpe, asilimia 3.2 walipata mimba. Waliopewa levonogestreli peke yake, asilimia 1.1. Kutapika nako kulishuka kutoka asilimia 18.8 hadi 5.6. Mwaka 2002 utafiti mwingine wa shirika hilo ulionyesha kuwa vidonge viwili vinaweza kunywewa kwa pamoja badala ya kupishanishwa kwa saa 12.

Utafiti wa 1998 ndio uliozaa takwimu inayonukuliwa vibaya kuliko zote: kwamba dawa ikinywewa ndani ya saa 24 huzuia asilimia 95 ya mimba, na kati ya saa 49 na 72 huzuia asilimia 58. Hizo ni asilimia za mimba ambazo zingetunga. Katika wanawake 100 wanaojamiiana mara moja bila kinga katika wiki ya pili au ya tatu ya mzunguko, kama 8 ndio hushika mimba. Wengine 92 wasingeshika hata wasingekunywa chochote. Hivyo shoga anayekuambia "mimi hunisaidia kila mara" huenda mara nyingi hakukuwa na yai lolote la kuzuia.

Sasa hatari. Kichefuchefu, kichwa kuuma, uchovu, maziwa kujaa na kuuma, matone ya damu, hedhi kuwahi au kuchelewa: haya hutokea na hupita. Anayetapika ndani ya saa 2 anywe dozi nyingine. Uvumi kwamba P2 huharibu kizazi hauna ushahidi, na umewatia hofu wasichana wengi bure. Anayeinywa mara kwa mara huvuruga mpangilio wa hedhi yake, na anategemea njia dhaifu kuliko sindano, kijiti au kitanzi, lakini hajajifunga uzazi.

Hatari ninayotaka uikumbuke ni ile ya yai lililocheleweshwa. Limecheleweshwa tu, halijafutwa. Aliyekunywa dawa Jumapili akarudi kitandani bila kinga Alhamisi, huenda ndiyo kwanza anakutana na yai lile lile aliloliahirisha. Kidonge hakilindi matendo yajayo. Baada yake inatakiwa kondomu, au njia ya kudumu zaidi ianzwe, na hedhi ikichelewa kwa wiki moja kifanywe kipimo cha mimba. Kama mimba ipo na tumbo linauma vikali upande mmoja, hospitali mara moja: huenda imetunga nje ya kizazi.

Ipo pia hatari ya dawa kukutana na dawa. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU, fenitoini na karbamazepini za kifafa, zote huharakisha ini kuivunja levonogestreli. Katika nchi zetu, ambako TB na VVU ni maradhi ya kila kata, jambo hili lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya kipakiti. Mwanamke anayetumia dawa hizo hushauriwa kunywa dozi maradufu, yaani miligramu 3, au kuwekewa kitanzi cha shaba ndani ya siku 5. Kitanzi hicho hakitegemei homoni na huzuia zaidi ya asilimia 99 ya mimba. Kwa mwenye uzito mkubwa pia, levonogestreli hupungua nguvu. Ulipristali, dawa nyingine ya dharura inayofanya kazi hadi saa 120 baada ya tendo na hata LH inapoanza kupanda, humfaa zaidi pale inapopatikana.

Na hakuna kidonge kati ya hivi kinachozuia VVU, kaswende wala kisonono. Aliyebakwa asiishie dukani. Aende hospitali ndani ya saa 72, na mapema kadiri awezavyo, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya VVU nazo zina muda wake.

Ombi langu ni kwa wanaosimama nyuma ya kaunta. Kabla ya kupokea fedha, muulize mteja maswali mawili, kwa upole na bila kumtazama vibaya: tendo lilikuwa lini, na anatumia dawa gani nyingine? Kama aliyekuja ni mwanamume aliyetumwa, mwombe ampigie simu mwenzake, umuulize mwenyewe.