Mshahara upo, kazi haipo: Masaibu ya mwajiriwa mpya ofisini

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika ofisi nyingi, hata hivyo, siku ya tatu hufika, na hata ya thelathini, kabla mwajiriwa mpya hajakabidhiwa jembe lolote. Hufika asubuhi na mapema, hutia sahihi katika daftari la mahudhurio, huketi mbele ya meza isiyo na faili, kisha hungoja jioni ifike. Mwisho wa mwezi, mshahara huingia katika benki bila kukosa.

Kwa vijana wanaozunguka mjini Machakos wakiwa na bahasha za vyeti bila kupata ajira, hali hiyo huonekana kuwa neema. Ndiyo maana anayeipitia huona haya kulalamika. Lakini ajira isiyo na shughuli ni mtego, na anayenaswa kwanza ni yule mgeni aliyedhani ameponea.

Kiini cha tatizo

Machakos ni mji wa ofisi tangu jadi. Ulikuwa kituo cha utawala wa Waingereza katika sehemu za bara kabla makao ya mkoa wa Ukamba kuhamishiwa Nairobi mwaka 1899. Ofisi zake ziliongezeka tena baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali 47 za kaunti zilipoanza kazi nchini Kenya.

Serikali hizo hazikuanza na meza tupu. Zilirithi wafanyakazi wa mabaraza 175 ya miji, manispaa na kaunti yaliyovunjwa, miongoni mwayo yakiwa manispaa za Machakos na Mavoko pamoja na Baraza la Kaunti ya Masaku. Zilipokea pia maafisa wa serikali kuu ambao majukumu yao, kama vile afya na kilimo, yaligatuliwa. Juu ya hao, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliipa kila kaunti bodi yake ya utumishi wa umma yenye mamlaka ya kuajiri.

Matokeo yake, katika kaunti mbalimbali, yakawa watu wawili au watatu kuwania jukumu moja, ilhali idara nyingine zilikosa wataalamu. Mwaka 2014, serikali kuu na zile za kaunti zilianzisha mpango wa kutathmini uwezo wa watumishi na kuwapanga upya, uliofahamika kwa kifupi kama CARPS.

Sababu ya pili ni fedha. Mgao kutoka Hazina ya Kitaifa unapokawia, kinachopatikana aghalabu hutumika kulipa mishahara kwanza, na shughuli husimama. Afisa wa kilimo aliyeajiriwa kuwatembelea wakulima wa Mwala au Yatta hawezi kutoka ofisini iwapo pikipiki haina mafuta. Kazi ipo shambani, lakini njia ya kuifikia imezibwa.

Sababu ya tatu haiandikwi popote. Karani aliyeshika faili moja kwa miaka 20 huona kwamba faili hiyo ndiyo kinga yake. Kumfundisha mgeni, kwa maoni yake, ni kumwandaa atakayemrithi. Naye mkuu wa idara, akielemewa na mikutano, huona ni rahisi kuifanya kazi mwenyewe kuliko kumwelekeza mtu mpya.

Hasara ni ya nani?

Walipa ushuru hupata hasara ya wazi. Kanuni za mwaka 2015 kuhusu usimamizi wa fedha za kaunti zinaagiza kuwa mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti, na kaunti nyingi zimekuwa zikivuka kiwango hicho. Kila shilingi inayomlipa asiye na shughuli ni shilingi iliyokosekana kununua dawa au kuchimba kisima.

Hasara ya mwajiriwa hukawia kuonekana. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, ambacho chaweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita iwapo mfanyakazi atakubali. Katika kipindi hicho, mkataba waweza kuvunjwa kwa ilani ya siku saba pekee. Wakati wa tathmini unapowadia, aliyekaa bure hana cha kuonyesha, na ni vigumu kueleza kuwa kosa halikuwa lake.

Wafanyakazi wanapopunguzwa, sheria hiyo humtaka mwajiri azingatie muda ambao kila mmoja amehudumu, ujuzi wake, uwezo wake na jinsi anavyotegemewa. Kwa muda wa huduma, mgeni ameshindwa tayari. Ujuzi na uwezo hudhihirika kazini, naye kazi hakupewa. Zaidi ya hayo, malipo ya kuachishwa kazi hukokotolewa kwa angalau siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, hivyo asiyetimiza mwaka huondoka bila malipo hayo.

Kuna pia madhara ya nafsi. Mtu asiye na shughuli huanza kujifanya ana shughuli, na uigizaji huo huchosha kuliko kazi yenyewe. Mwaka 2020, mahakama ya rufaa ya Paris, Ufaransa, iliamua kuwa kumwacha mfanyakazi bila kazi ya maana hadi akaugua kulikuwa sehemu ya unyanyasaji kazini.

La kufanya

Silaha ya kwanza ni karatasi. Sheria ya Ajira inataka maelezo ya maandishi ya ajira yataje majukumu ya mfanyakazi. Asiyeyapata na ayaombe kwa upole, kisha amwendee msimamizi wake wakubaliane malengo ya kila wiki.

Ni busara pia kutosema "sina kazi", kauli ambayo masikioni mwa mkubwa yaweza kumaanisha kuwa nafasi hiyo haihitajiki. Afadhali kusema, "Nimemaliza hili, naomba nianze lile." Anayetaja kazi mahususi, kama kupanga masjala au kuingiza kumbukumbu za zamani katika kompyuta, humpunguzia mkubwa wake mzigo wa kufikiri. Na kila alichotenda akiandike katika daftari pamoja na tarehe, kwa kuwa siku ya tathmini daftari hilo ndilo litakalomtetea.

Hata hivyo, mwajiriwa peke yake hawezi kuziba pengo lililoachwa na mwajiri. Idara inayotangaza nafasi ingepaswa kwanza kujua atakayeajiriwa atafanya nini Jumatatu ya kwanza, kwa kifaa gani na chini ya nani. Wahenga hawakumwagiza mgeni ajitafutie jembe. Walimwagiza mwenyeji ampe.