Hesabu na Hisabati: Je, Anayekosea Kuzidisha Hana Akili ya Namba?

Hebu tumfikirie mwanafunzi wa kidato cha pili aishiye Matema, katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela. Anatumwa kununua mafungu 7 ya dagaa, kila fungu shilingi 800. Mama muuzaji anataja shilingi 5,600 papo hapo. Mwanafunzi anasema 5,400, anasita, kisha anaanza kuhesabu kwa vidole.

Kesho yake mwalimu anaandika ubaoni: 1, 1 + 3, 1 + 3 + 5, 1 + 3 + 5 + 7. Majibu ni 1, 4, 9 na 16, yote namba za mraba. Kwa nini? Mwanafunzi yule yule anachukua punje za kakao, zao linalolimwa sana Kyela. Anaweka punje moja. Anaizungushia punje 3 katika pande mbili, na kupata mraba wa 2 kwa 2. Anaongeza punje 5 ukingoni, na kupata mraba wa 3 kwa 3. Kila ukingo mpya huzidi uliotangulia kwa punje 2. Kwa hiyo jumla ya namba witiri n za kwanza ni n × n daima. Amethibitisha jambo lililo kweli kwa namba zote, naye jana alishindwa 7 mara 8.

Je, mwanafunzi huyu ni mzito au ni hodari?

Kazi mbili za akili

Katika mazungumzo ya kawaida maneno hesabu na hisabati hutumika kama kitu kimoja. Hata hivyo yafaa yatenganishwe. Hesabu ni ustadi wa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Hisabati ni elimu ya uhusiano na mpangilio wa mambo, na nguzo yake ni hoja.

Jedwali la kuzidisha hukaa akilini kama maneno yaliyokaririwa. Ndiyo sababu makosa yake hayatokei ovyo: anayekosea 7 mara 8 hutaja mara nyingi 48, 54 au 63, yaani majibu ya maswali jirani. Hoja ya punje za kakao haikuhitaji ukariri huo hata kidogo.

Ushahidi wa wataalamu

Mwaka 1982 Elizabeth Warrington wa London alitoa taarifa ya daktari mmoja aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo. Hesabu nyepesi zilimchukua muda mrefu, na alikosea mara kwa mara. Lakini aliweza kueleza barabara maana ya matendo ya hesabu, na makadirio yake yalikuwa ya karibu. Mwaka 2016 Marie Amalric na Stanislas Dehaene wa Ufaransa waliwapima wanahisabati 15 walipokuwa wakitafakari kauli za hisabati ya juu. Sehemu za ubongo zilizofanya kazi ni zile zihusikazo na namba na nafasi. Sehemu za lugha zilishiriki kidogo sana.

Henri Poincaré, mmoja wa wanahisabati wakuu wa dunia, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1908 kwamba hawezi kujumlisha bila kukosea.

Hasara iliyopo

Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu Hisabati. Kwa miaka mingi kikokotoo kilikatazwa katika mtihani huo, ilhali kiliruhusiwa katika Hisabati ya Juu ya kidato cha sita. Hivyo yule ambaye kikokotoo kingemwondolea udhaifu wake huenda hakufika kamwe mahali kiliporuhusiwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila anayeshindwa hesabu ana kipaji kilichofichika. Wengi wamekosa mazoezi tu. Wengine, wanaokadiriwa kuwa kati ya 3 na 7 katika kila watoto 100, wana udhaifu wa kuzaliwa uitwao diskalkulia. Kuwachapa au kuwacheka hakuwaponyi. Huwaongezea hofu, na hofu huzidi kuipunguza nafasi ya akili ya kufanyia kazi.

La kufanya

Mwalimu asahihishe njia na jibu mbalimbali, ili aone kosa limetoka wapi. Amfundishe mwanafunzi kujenga jibu alilolisahau: 7 mara 8 ni 7 mara 4, yaani 28, ikijumlishwa mara mbili. Amzoeze pia kukadiria kwanza: mafungu 7 ya shilingi 800 hayawezi kufika 6,400, kwa kuwa hiyo ni bei ya mafungu 8, toa fungu moja, utapata 5,600.

Mwanafunzi naye asiache kujizoeza, kwani mama muuzaji wa Matema hakuzaliwa na wepesi ule. Aliupata kwa kuuza kila siku. Lakini kabla mwalimu hajaandika katika ripoti kwamba mtoto huyu hisabati haimfai, na ampe kwanza punje chache za kakao, amwulize: kwa nini?