Dalili, Kiashiria na Kipimo: Istilahi za Mtutumko wa Aota

Aota ni ateri kuu itokayo moyoni. Ipitapo tumboni, ukuta wake huweza kudhoofika ikatanuka. Ifikapo kipenyo cha sentimita 3, matabibu huhesabu kuwa ni ugonjwa. Kuuita “uvimbe” hakufai, kwani msomaji atadhani ni saratani. Twapendekeza mtutumko, kutokana na kututumka.

Lililo gumu zaidi ni jina la vile vitu vya damuni vinavyochunguzwa kuhusiana na ugonjwa huu. “Alama ya damu” humkumbusha mtu doa nguoni. Dalili nayo huhisiwa na mgonjwa au huonwa na tabibu, na mtutumko aghalabu hauna dalili yoyote mpaka ukaribie kupasuka. Tutazame D-dimeri, kipande cha protini kibakicho damu iliyoganda inapomeng’enywa. Huzidi kwa wengi wenye mtutumko, maana damu huganda penye ukuta uliotanuka. Lakini huzidi pia kwa mja mzito na kwa aliyetoka kupasuliwa. Basi hicho ni kiashiria tu. Hadi leo hakuna kiashiria cha damu kilichokubaliwa kushika nafasi ya ultrasaundi, ambayo ndiyo kipimo hasa, na ambayo Uingereza huwaalikia wanaume watimizapo miaka 65.

Mfasiri akiandika katika bango la zahanati “kipimo cha damu cha mtutumko”, mtu atatolewa damu, aambiwe hana neno, arejee nyumbani na aota ya sentimita 6, hali mwanaume hufikiriwa upasuaji ifikapo 5.5.