Waliotoka Kilindini Wasirudi

Kila nivukapo feri ya Likoni, meli kubwa ikipita mbele yetu kuelekea baharini, mimi huwakumbuka watu ambao sikumjua hata mmoja wao. Walipita mlango huo huo tarehe 5 Februari, 1944. Meli yao ikiitwa Khedive Ismail, nayo ilikuwa ikienda Colombo, Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka.

Ndani mlikuwa na watu 1,511: mabaharia, askari wa Kiingereza, wauguzi wanawake, na wengi kupita wote, askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301. Tarehe 12, siku ya Jumamosi, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 iliipiga. Dakika tatu hazikutimia, meli ilikuwa imekwisha zama. Walikufa watu 1,297. Nyambizi ikajificha chini ya wale walionusurika, na manowari ya Kiingereza Petard, katika kuiwinda, ikatupa mabomu pale pale watu walipokuwa wakielea. Ndugu msomaji, hebu fikiri.

Vita walivyokuwa wakipelekwa ni vya Burma. Watu husema "jeshi la Waingereza," lakini Jeshi la 14 lililopigana kule halikuwa la Waingereza watupu. Wengi wake walikuwa Wahindi, na divisheni tatu zilitoka Afrika: ya 81 na ya 82 za Afrika Magharibi, na ya 11 ya kwetu. Kila moja na alama yake begani. Ya 81 ilivaa buibui, yetu kichwa cha kifaru. Hao wa kifaru ndio waliolishuka bonde la Kabaw katika mvua na matope ya mwaka 1944, malaria ikiwaandama, hata wakaingia Kalewa mwezi wa Desemba. Mtu wa Uganda na mtu wa Tanganyika wakisikilizana kwa Kiswahili cha Keya, kile ambacho sisi wa Mvita na Lamu tumezoea kukicheka.

Marehemu Shaaban Robert alivitungia vita vile utenzi mrefu, uliochapishwa mwaka 1967, naye keshafariki. Sisi ambao meli ile ilitoka mlangoni petu tumetunga nini?

Siku moja nililitaja jambo hili barazani baada ya sala ya alasiri. Mzee mmoja akanikata kauli: "Hao walikwenda kumpigania mkoloni. Wewe wakuhusuni?" Nikamjibu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amemhesabu Muislamu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Mzee akanyamaza, kisha akauliza, "Waliswaliwa?"

Sikuwa na jawabu. Nilipokwenda Nairobi nilipita makaburi ya vita ya barabara ya Ngong. Pale pana ukumbusho wa wasio na kaburi, na askari wa mizinga waliozama na Khedive Ismail wamo. Nilisimama nikiyapitisha macho majina, nikisoma Fatiha. Mlinzi alidhani natafuta babu yangu.

Niliporudi nilimwendea sheikh wangu kumwomba tuwaswalie sala ya ghaibu. Akatabasamu kwa huzuni. Akanikumbusha niliyoyasoma chuoni nikayasahau: katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kumswalia maiti wa mbali sharti awe, siku ile alipokufa, ni mtu aliyekwisha wajibikiwa na sala. Mimi sikuwa hata nimezaliwa. Yeye pia.

Dua inatufaa sote. Lakini sala ile ni ya mtu aliyekuwa baleghe Februari ya 1944, na huyo sasa amekaribia miaka mia. Kama yumo nyumbani kwenu, tafadhali mwelezeni habari hii, mumtilie maji ya udhu.