Kodi ya jengo ndani ya LUKU: nani anadaiwa, na aliyekatwa kimakosa aende wapi?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ukipita Buseresere saa za jioni, pale barabara kuu inapokatiza katikati ya maduka na mgeni hawezi kutambua mji unaishia wapi na Katoro inaanzia wapi, utawakuta watu wamesimama dirishani kwa wakala, simu mkononi, wakisubiri namba za umeme. Mtu ametoa shilingi 5,000. Mwezi uliopita fedha hiyo hiyo ilimpa uniti 41. Leo amepata uniti 28 na ushee. Maneno yanaanza hapo hapo. Wakala anaitwa mwizi, TANESCO inaitwa mwizi, na jirani anashuhudia kwamba hata yeye juzi aliibiwa.

Mara nyingi hapo hapana mwizi, ila kuna kodi ya jengo. Lakini yako makosa ya kweli pia, tena yanayomhusu mnyonge kuliko mwenye uwezo, na makosa hayo yana njia yake ya kusahihishwa.

Tuanze na hesabu, maana asiyejua anachokatwa hawezi kujua kama amekatwa zaidi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa kwa njia ya mita za LUKU. Kabla ya hapo nyumba ya kawaida ilikuwa ikitozwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na mwenye nyumba alitakiwa aende mwenyewe kulipa, wengi hawakwenda. Mwaka 2021 kiwango kiliwekwa shilingi 12,000 kwa mwaka, yaani 1,000 kila mwezi. Julai 2023 kikapandishwa hadi 18,000, yaani 1,500 kila mwezi. Kwa ghorofa za mijini hesabu ni kubwa zaidi: kila sakafu ilitoka shilingi 5,000 kwa mwezi ikawa 7,500.

Fedha hiyo inakatwa mara ya kwanza unaponunua umeme katika mwezi. Ukinunua tena mwezi huo huo, hukatwi. Lakini kama nyumba ilifungwa miezi mitatu, tuseme mwenyewe alikuwa machimboni Nyarugusu, siku akirudi na kununua umeme atakatwa ya miezi yote mitatu kwa pamoja, shilingi 4,500. Basi akiwa amenunua umeme wa 5,000 anabaki na umeme wa shilingi 500, yaani uniti nne tu, na hapo mtu anaapa kwamba mita imerogwa.

Soma ujumbe unaokuja kwenye simu. Wengi wetu tunatazama zile tarakimu 20 za kuingiza, kisha tunaufuta. Ndani yake mna bei ya umeme wenyewe, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, asilimia 1 ya EWURA, asilimia 3 ya REA, na tena mstari wa deni lililokatwa. Huo mstari wa deni ndio wa kutazama. Katika ule mfano wetu, 5,000 ukitoa 1,500 inabaki 3,500. Na kwa mteja mdogo wa majumbani anayelipa shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi zake, 3,500 inampa uniti 28 na sehemu. Hesabu imekamilika, na wakala wa watu hana hatia.

Sasa tuje kwenye makosa. La kwanza ni mita nyingi katika nyumba moja. Chukua nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu, ya kawaida kabisa kwa mji wetu: mbele duka, nyuma vyumba vya wapangaji. Mwenye nyumba alichoka na ugomvi wa umeme, huyu ana jiko, yule ana friji, akaomba mita tatu. Kodi ni ya jengo, si ya mita. Jengo likiwa moja, deni linatakiwa likae kwenye mita moja, na zile mbili ziondolewe. Lakini mita yenyewe haijui kwamba iko chini ya bati moja na mwenzake. Mpaka mtu aende akaseme, zote tatu zinaweza kuendelea kukatwa.

Mnaweza kusema 1,500 ni fedha kidogo, nauli ya kwenda kulalamika inaizidi. Hapo ndipo tunapokosea. Mita moja ya ziada, kuanzia Agosti 2021 hadi Juni 2023, ilikata shilingi 23,000. Kuanzia Julai 2023 hadi Juni 2025 ikakata 36,000. Jumla ni 59,000, na kwa mita mbili za ziada ni 118,000. Kwa bei za huku kwetu hiyo ni bati kadhaa.

Hata hivyo, tahadhari. Kama yale mabanda ya uani yamejengwa peke yake, yana msingi wake na paa lake, usiende na hoja ya nyumba moja. Hayo ni majengo mengine, na utakuwa umejipeleka mwenyewe.

Kosa la pili ni la wazee. Sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 na zaidi, na mtu mwenye ulemavu, asiye na kipato, kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Msamaha huo hauji peke yake. Mita haina habari na umri wa mtu. Bibi wa miaka 75 ambaye wajukuu humnunulia umeme kutoka Mwanza anaweza kukatwa hadi siku ya mwisho, na wajukuu wasijue kwamba alikuwa amesamehewa. Lakini sharti ni nyumba ya kuishi: bibi huyo akiwa amepangisha vyumba viwili kwa wachimbaji, atarajie kuulizwa.

La tatu ni nyumba za tope na za nyasi. Hizo hazimo katika kodi hii, mjini wala kijijini. Tangu umeme wa REA ulipoanza kufika hata kwenye nyumba za namna hiyo, mita na nyumba ya tope vimekuwa majirani wa kawaida, na LUKU haioni ukuta umejengwa kwa nini.

Kuhusu mpangaji, kodi ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anayekatwa ni yeye. Serikali ilipoanzisha utaratibu huu ilisema wawili hao wapatane. Mapatano hayo yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, kwamba 18,000 ya mwaka itatolewa katika kodi ya pango. Nimesikia wapangaji wengi wakinung'unika, sijasikia wengi waliowahi kuuliza.

Basi aliyekatwa kimakosa aende wapi? Watu wanakimbilia TANESCO kwa sababu mita ni ya TANESCO. TANESCO ni njia tu ya kupitishia fedha. Utaratibu ulipoanza mwaka 2021, suala la nani anadaiwa lilikuwa la Mamlaka ya Mapato, TRA; kabla ya kufunga safari ya Chato au Geita mjini, ulizia kwanza ni ofisi ipi inayolishughulikia sasa. Usiende mikono mitupu. Andika namba za mita zote za nyumba, na ueleze ipi ibaki na deni. Beba kitambulisho cha taifa, maana ndicho kinachoonyesha umri, na barua ya mtendaji inayothibitisha kwamba nyumba ni yako, ni moja, na imejengwa kwa nini. Beba ujumbe wa manunuzi ya miezi kadhaa. Malalamiko yawe ya maandishi, nakala moja igongwe muhuri na urudi nayo nyumbani.

Kama uamuzi ni wa TRA na hukuridhika, sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inakupa siku 30 tangu ulipopokea uamuzi wa kodi kuweka pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Kwa kawaida pingamizi hudai ulipe kwanza sehemu usiyoibishia au theluthi moja ya kodi, ile iliyo kubwa. Juu yake iko Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani. Sitegemei mtu apeleke shilingi 36,000 Mahakama ya Rufani. Lakini ni vema afisa aliye mbele yako ajue kwamba unazifahamu ngazi hizo na siku zake.

Jambo moja huwezi kulikatia rufaa, nalo ni kiwango. Sheria ya mwaka 1983 ya kodi ya majengo mijini ilitaka nyumba ithaminiwe, na mwenyewe aliweza kulipinga daftari la uthamini akisema nyumba yake imechakaa. Kwa kiwango sawa hoja hiyo haipo. Nyumba ya vyumba viwili Buseresere na nyumba ya kifahari Capri Point jijini Mwanza, zote zikiwa za chini, zinalipa 18,000. Kwa maoni yangu hiyo si haki, ingawa nakiri uthamini nao una gharama na mashaka yake: wenzetu wa Nairobi walitoza kwa daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa takriban miaka 40, kwa sababu kazi ya kuandika jipya ilikuwa kubwa.

Na mwenye hati ya kiwanja asichanganye mambo. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine, ina ankara yake, na kukatwa kwenye LUKU hakumwondolei deni hilo.